Pipa la Belmiro

Jumatatu, 26 Agosti 2019

Aurélio kapiga simu asubuhi. Nyumba yetu ya kijijini, Covas, imeuzwa! Kanieleza kama mtu anayekuambia mvua imenyesha. Mnunuzi ni mtu wa Lisboa, anataka kuigeuza nyumba ya wageni, yenye bwawa la kuogelea. Bwawa – na mto uko pale chini! Mavuno ya mwaka huu yakiisha anataka ghala liwe tupu. Yale mahodhi ya mawe ya kukanyagia zabibu yatabaki kama pambo, wageni wapige picha.

Mapipa yote makubwa binamu yangu keshayauza. "Limebaki lile dogo," kasema. "Mimi lile siligusi, Mena. Njooni wenyewe." Mtu mzima wa miaka sitini na tano anaogopa pipa.

Hakulitaja jina, na hakuna anayelitaja. Ni pipa la Belmiro. Baba alilijaza mwaka alipozaliwa Belmiro, kaka yangu, kama afanyavyo kila baba wa kule mwenye japo matuta mawili ya mizabibu. Pipa la mtoto hufunguliwa siku ya harusi yake, akanywa yeye wa kwanza, ndipo wageni. Mtoto akifa, hufunguliwa siku ya maziko, na divai ya kwanza humwagwa kizingitini moja kwa moja kutoka kwenye jagi. Mfu hapewi glasi.

Belmiro hakuoa. Wala hatukumzika.

Mama sijamwambia. Horácio nimemwambia, akajibu, "Liuzeni, watalii wa meli watalinunua." Nikamkazia macho. Eti alikuwa anatania. Mume wangu akitania huwa anacheka, na leo hakucheka.


Jumatano, 28 Agosti

Leo nimemwambia. Kumwambia Mama siri maana yake ni kuliambia jengo zima – ana miaka themanini na tisa na masikio yamekwisha, lazima nimpigie kelele kwenye sikio la kushoto. Sasa mpaka yule wa ghorofa ya chini anajua Covas imeuzwa.

Mama akaendelea kumenya maharage. Kisha nikaona meza inatikisika kidogo, nikainama kutazama. Miguu yake! Inakwenda yenyewe ndani ya ndara: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Polepole, kwa kipimo.

Ni ule mwendo wa hodhini. Wanaume wameshikana mabega, zabibu zimewafika mapajani, na mmoja anaita hatua. Kwetu aliyekuwa anaita ni Belmiro. Kijana wa miaka kumi na tisa, na wazee wenye mvi wanamfuata! "Kushoto! Kulia!" Mimi nilisimama mlangoni, watoto wa kike haturuhusiwi kuingia, nikawa nakanyaga sakafu kavu kwa sauti yake.

Nikamgusa bega. "Mama, miguu." Akaitazama kama ya mtu mwingine, ikatulia.

Mama hasikii kengele ya mlango. Hasikii honi ya lori. Sasa anamsikia nani?


Jumamosi, 31 Agosti

Horácio kaenda kutazama mpira. Niandike niliyokuwa sitaki kuandika.

Mwaka sabini na mbili, Msumbiji. Kaka alipelekwa vitani kama vijana wote wa rika lake, vita ambavyo hakuvitaka. Likizo ya mwisho alimwambia Baba mezani, "Wale watu wako kwao. Sisi ndio tumeingia bila hodi." Baba akafunga dirisha, maana siku zile kuta zilikuwa na masikio. Miezi michache baadaye ikaja barua ya jeshi. Alitumwa kuchota maji mto Ruvuma, hakurudi. Bunduki ilikutwa imeegemezwa mtini. Viatu vyake pembeni, vimepangwa.

Ng'ambo ya mto ni Tanzania.

Wengine walisema mamba. Wengine walisema kavuka. Mama alishika hilo la kuvuka, na hajaliachia mpaka leo. "Anayekwenda kufa hapangi viatu," alisema. Mapinduzi yalipokuja hapa kwetu na vita vikaisha, waliokuwa wametoroka jeshi walirudi kutoka Ufaransa, kutoka kila mahali. Mama alitandika kitanda. Alikuwa anabadilisha mashuka kila Jumamosi. Hakuja mtu.

Mimi nasema ni maji. Nimesema hivyo tangu nina miaka kumi na tano. Mtu aliye hai hutuma japo kadi ya Krismasi!

Na Mama hajamlilia. Hata siku moja. Baba alipofariki alivaa nyeusi kama mjane yeyote, akatusimamisha mimi na Aurélio nje ya kanisa: "Hii nyeusi ni ya mume wangu tu. Asitokee mtu wa kuchanganya." Tangu siku hiyo hajaivua, wala hajachanganya.

Basi ninachotaka ni hiki. Pipa lifunguliwe, divai imwagwe kizingitini, Mama amlilie mwanawe kabla hajafunga macho. Na mimi nipate kulia. Mama mtu asipolia, dada ataanzia wapi?


Jumanne, 3 Septemba

Amekubali! Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nikapiga kelele sikioni, "Mama, twende Covas tukalifungue." Nikangoja anirushie kitu. Akauliza tu, "Lini?"

Sasa ni mipango. Tutakwenda kwa treni mpaka Pinhão, Aurélio atupokee kwa gari lake la shamba. Vitu vya kubeba: nyundo ya mbao, bomba jipya la kutolea divai pipani, jagi la Baba la udongo, mkate wa mahindi, vidonge vya Mama. Horácio haji, goti lake. Kasimama mlangoni na fimbo, akasema, "Mnakwenda kuzika pipa." Hilo limenichekesha, kwa kuwa ni kweli.

Ufunguo wa ghala uko jikoni kule kule Covas. Kuna misumari miwili ukutani. Wa chini ni wa Baba. Wa juu, karibu na dari, aliupigilia Belmiro mwenyewe nilipokuwa mdogo, ili nisiuchukue nikaenda kulamba bomba. Yeye alikuwa mrefu, alikuwa anainama kila mlango. "Ukifika hapa, Mena, utakunywa," aliniambia. Mpaka leo sifiki.

Mama kauliza itakuwa imebaki kiasi gani. Baba alinifundisha: pipa lisipoongezwa kila mwaka hupungua, mbao hunywa na hewa hunywa. Wazee huliita fungu la malaika. "Malaika gani walevi hivyo!" Mama akasema, na sote tukacheka, hata Horácio. Lakini nilipiga hesabu. Pipa la mtoto huongezwa na baba yake, au na mwenye pipa akishaota ndevu. Mkono mwingine ukiliongeza ni nuksi, haligusi mtu. Baba alikufa mwaka tisini na nane, tangu hapo halijaongezwa. Likiwa dogo vile, itakuwa imebaki nusu, au chini ya nusu. Nimesema moyoni, heri. Kidogo kinatosha kumwaga.


Ijumaa, 6 Septemba

Nimempigia Zulmira atutayarishie vitanda. Zulmira ndiye angekuwa wifi yangu. Alimngoja Belmiro miaka saba, kisha akaolewa na fundi viatu, mtu mwema, naye kafa. Nyumba yetu inatazamana na yake. Funguo za mlango wa mbele anazo yeye.

Tukaongea ya dunia. Nani kaugua, nani kauza, bei ya zabibu mwaka huu ni aibu. Mwishoni nikamwomba achungulie ghalani, aniambie pipa liko katika hali gani.

"Mimi kule siingii, Mena. Nafagia jikoni, nafungua madirisha, basi. Ghalani kwenu siingii hata kwa dawa."

"Kuna nini?"

Akasema kila mwaka mavuno yakiisha akifungua mlango wa jikoni anakuta harufu ya divai mbichi. Nikamwambia ni Aurélio na mambo yake. Akasema, "Aurélio gani? Zabibu zake zote zinapakiwa lori zinakwenda kwenye ushirika. Ndani ya nyumba ile halijakanyagwa tunda miaka ishirini sasa."

Nikamuuliza habari za kuku wake. Nilitaka sana kusikia habari za kuku.


Jumapili, 8 Septemba

Harufu kwenye korido yetu. Tamu, nzito, na ule ukali wa pombe nyuma yake. Horácio kasema tunakaa Gaia, maghala ya divai yametuzunguka pande zote, Septemba ninategemea kunusa nini, samaki? Ni kweli. Ila nimekaa hapa miaka thelathini na nane na korido hii ilikuwa inanuka sabuni.


Alhamisi, 12 Septemba

Nilikuwa napanga sanduku la Mama. Chini kabisa, chini ya nguo za ndani, nikakuta mtandio mweusi. Mpya! Karatasi ya bei bado inaning'inia. Mama ana mitandio mitatu myeusi ya msiba wa Baba, ninaifua mimi, naijua hata kwa matundu yake. Huu siujui. Kautoa wapi? Hatoki nje bila mimi. Kumbe kamtuma yule wa ghorofa ya chini.

Nikaenda nao jikoni. Sikupiga kelele, niliuinua tu aone.

Akautazama muda. Akasema, "Huo ni wa kaka yako."

Nikakaa chini.

"Nimechoka kumngoja, mwanangu. Nilikuwa nakusubiri wewe useme twende."

"Na mimi nilikuwa nakusubiri wewe, Mama!" Hapo nilipiga kelele, na si kwa ajili ya masikio yake.

"Basi tumengojana kama wajinga," akasema. "Nitauvaa palepale, mkishamwaga. Si kabla. Usije ukanivisha treni nzima ikaniangalia."

Tulilia. Si kwa ajili ya Belmiro, bado. Tulijililia wenyewe. Horácio kaingia kutafuta jibini, kaona, karudi alikotoka bila jibini. Mungu ambariki kwa hilo.

Sasa najua kwa nini nimelala vizuri mchana wa leo. Mambo yanakwisha.


Jumatatu, 16 Septemba

Tiketi nimekata, Jumatano asubuhi. Karani kauliza upande gani wa behewa. Nikasema wa mlimani, bila kufikiri. Mama hakai upande wa mto. Hata nyumba hii alichagua chumba cha nyuma, kinachotazama kamba za nguo, wakati watu wanalipa dhahabu kuuona mto ule.

Akanivuta mkono. "Wa mtoni," akamwambia karani mwenyewe.

Miguu yake imetulia siku nne sasa. Nimeikagua kila tukikaa kula.


Jumatano, 18 Septemba

Covas. Naandika kitandani kwangu kwa zamani, jua bado liko juu ya mlima wa pili.

Safari nzuri. Mama aliuangalia mto njia nzima, paji la uso kwenye kioo, kama mtu anayesoma jina la kila kituo. Mara moja tu alisema, "Umekuwa mpana." Ni mabwawa ya umeme, nikamwambia. Akasema, "Hapana. Ni miaka." Nikamwacha.

Aurélio alitupokea na viatu vyenye matope, mikono imekuwa ya zambarau. Wamebakiza matuta ya juu, kasema, wiki moja hivi wamalize. Nikamuuliza: binamu, hujawahi kuingia ghalani? Hata kuongeza divai? Akapiga ishara ya msalaba huku kashika usukani, gari nusura liingie mtaroni. "Tangu mjomba afe sijavuka kile kizingiti, binamu. Mapipa makubwa walikuja kuyabeba wanunuzi mwaka juzi, mimi nikasimama uani. Mbona unaniuliza kama polisi?"

Zulmira kapika supu ya sukuma na soseji. Kazeeka. Na mimi nimezeeka, naona kwenye macho yake. Kamkumbatia Mama kwa muda mrefu. Wangekuwa mkwe na mkwe. Kesho asubuhi tunafungua, tukiwa sisi wanawake watatu tu. Aurélio atakuwa shambani mpaka jioni na hata asingekuwa huko asingekuja.

Sisikii harufu yoyote. Ninanusa supu, basi. Nimejicheka.


Alhamisi, 19 Septemba

Niko jikoni. Wananingoja ghalani. Nimesema nakuja kuchukua glasi. Niandike upesi, la sivyo nitajiambia baadaye kwamba niliota.

Asubuhi Mama kavaa, kachukua fimbo, mtandio mpya kauweka kwenye kapu. Nikaenda kuchukua ufunguo. Msumari wa chini mtupu. Zulmira kafungua makabati, mimi nimepekua kapu la vijiko, nikamlaani Aurélio kwa jina lake kamili. Mama akainua fimbo, akaelekeza juu. "Si ule pale?"

Kwenye msumari wa juu. Ule karibu na dari.

Zulmira akawa mweupe. "Mimi huwa nautundika chini," akasema. "Mimi sifiki pale, Mena, nitazame nilivyo mfupi! Kila mwaka mavuno yakiisha naukuta juu, naushusha kwa fagio. Nilidhani Aurélio. Mwaka jana niliuacha, mgongo ulikuwa unauma." Aurélio anafika kifuani kwangu. Kimo hicho tumemtania maisha yake yote.

Nikaushusha kwa fagio na mimi.

Ghala lina baridi. Mahodhi matupu, na kule mwisho, kwenye vile vigogo viwili, liko. Dogo kuliko nilivyokumbuka. Nilimkalisha Mama kwenye kiti mbele yake. Zulmira kabaki kizingitini, hakuingia, kweli haingii. Nikaanza na kizibo, kwa sababu Baba alifundisha uanze na kizibo. Kinafungwa kwa kitambaa cha kitani ili hewa isipite. Kitambaa cha miaka ishirini huwa cheusi, kigumu kama gome. Hiki ni cheupe. Kina doa la waridi pembeni tu. Aliyekikata kakikata vizuri, na ncha kaikunja kwa ndani. Baba alikuwa anaikunja kwa nje, mimi nilikuwa nikimshikia. Kwa ndani ni ubishi wa Belmiro, waligombana kila mwaka.

Nikagonga kwa kifundo cha kidole, kuanzia chini kupanda juu. Pale divai inapoishia, mlio hugeuka, hulia kama ngoma. Chini – mzito. Katikati – mzito. Nikapanda. Mzito, mzito. Nikafika juu karibu na kizibo, na bado haukugeuka.

Limejaa.

Mama hakusikia. Masikio yake! Alikuwa ananiangalia uso. Mtandio uko magotini, ameukunjua nusu, karatasi ya bei keshaing'oa. "Tupu?" akauliza. "Malaika wamemaliza?"

Nimwambie nini? Nikisema limejaa, atatandika kitanda tena, na ana miaka themanini na tisa. Nikisema ni tupu, ataamini, atalia, atavaa, na atakufa na amani niliyomtafutia. Neno moja tu! Nami ndiye niliyesema maji, miaka arobaini na saba nasema maji. Nyundo iko mkononi mwangu na siwezi kupiga kizibo cha mtu.

Nikasema, "Ngoja nilete glasi, Mama." Akakunja uso. Za nini, mfu hapewi glasi. Nikasema za kwetu.

Kizingitini Zulmira kanishika kiwiko. Yeye masikio yake ni mazima, kasikia kila pigo la kidole. Macho yamejaa machozi, na uso – sijui niuiteje – uso wa msichana. Kaninong'oneza, "Mwaka huu hajaja bado, Mena. Mavuno hayajaisha."

Mama ananiita. "Mena! Unaandika huko?" Ananijua.

Kutoka hapa naona miguu yake tu, chini ya kiti, kwenye ule mwanga wa mlangoni. Imeanza tena. Kushoto, kulia.

Tuko watatu. Kabati liko wazi mbele yangu. Nimetoa glasi nne.